Babu Aliyepelekwa Ng'ambo



Wapendwa waamini, katika koo nyingi yupo babu ambaye wazee humtaja kwa sauti ya chini, kwa kuwa "alichukuliwa na serikali". Juma hili tutafakari namna ya kumtafuta mtu wa namna hiyo.

Waingereza walikuwa na desturi ya kuwahamishia mbali watu waliowahukumu. Kati ya 1788 na 1868 walipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000. Wajukuu wao waliificha asili hiyo kwa muda mrefu. Leo wengi huitafuta kwa fahari. Kwa wafalme wa nchi zetu za maziwa makuu, kifungo hicho kilikuwa visiwa vya Shelisheli.

Tumtazame Kabaka Mwanga wa Buganda. Wahujaji wetu waendao Namugongo humfahamu kama mfalme aliyeamuru Karoli Lwanga na wenzake wachomwe moto tarehe 3 Juni 1886. Hilo ni kweli, wala halifutiki. Hata hivyo, alipopinduliwa mwaka 1888, alipata hifadhi Bukumbi, karibu na Mwanza, kwa Mapadri Weupe wale wale ambao wanafunzi wao aliwaua. Alirudishiwa kiti chake. Mwaka 1897 akawaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia kwa Wajerumani, kisha akawatoroka. Tarehe 9 Aprili 1899 alikamatwa pamoja na Omukama Kabalega wa Bunyoro, na wote wawili wakapelekwa Shelisheli. Huko Mwanga alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910, yakazikwa Kasubi. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla hajafika kwao.

Anayemtafuta Mwanga katika hati za serikali atamkuta mwasi. Katika kumbukumbu za misheni, mtesi na kisha mkimbizi. Katika ukoo wake, Kabaka. Mtu ni yule yule mmoja. Asomaye hati moja tu humhukumu kwa kinywa cha shahidi mmoja.

Kwetu Ngara na Biharamulo hati zimetawanyika, maana Bugufi ilikuwa sehemu ya Urundi kabla ya kuunganishwa na Tanganyika, na boma la Biharamulo lilijengwa na Wajerumani. Basi tuanze na wazee wangali hai: jina la ukoo, kijiji, nani alitawala wakati huo. Kisha tuulize parokiani kitabu cha ubatizo, ambamo huandikwa majina ya wazazi na ya msimamizi. Ndipo tuende kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinakotunzwa hati za Wajerumani na za Waingereza.

Mtakatifu Mathayo, akiandika ukoo wa Bwana wetu, hakumwacha mke wa Uria, ingawa kumtaja kulifunua dhambi ya Daudi. Nasi tusimfute babu yetu kwa aibu, wala tusimpambe kwa uongo. Tumtafute, tumtaje kwa jina, na tumwombee katika Misa.

Mungu awabariki.