Ile Boti ya Polepole Haikuanza na Starehe

Kila ikifika majira ya joto kule Uingereza, mtandao unajaa video za aina moja. Boti ndefu, nyembamba, yenye rangi nyekundu na kijani, inateleza kwenye mfereji mwendo wa mtu anayetembea. Jamaa ameshika usukani kwa mkono mmoja na kikombe cha chai kwa ule mwingine. Mbwa amelala juu ya paa. Unaangalia hadi unasema, hii sasa ndiyo maisha.

Sina shida na mtu kustarehe. Shida yangu ni kwamba stori inasimuliwa nusu. Hiyo mifereji haikuchimbwa ili watu wapumzike. Ilichimbwa ili kubeba mzigo, na walioishi juu yake hawakujua likizo ni nini.

Twende mwaka wa 1761. Bwenyenye mmoja, Francis Egerton, Duke wa Bridgewater, alikuwa na migodi ya makaa ya mawe pale Worsley. Mji wa Manchester ulihitaji makaa hayo, lakini barabara zilikuwa matope tupu. Akampa kazi James Brindley, fundi ambaye hata kuandika kulimpa taabu, na mfereji ukafika. Bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu.

Hesabu yake ni rahisi. Farasi mmoja akitembea ukingoni na kamba aliweza kuvuta boti yenye zaidi ya tani 25. Barabarani hangesogeza hata robo ya mzigo huo. Matajiri walipoona hivyo, kila mtu akataka mfereji wake. Kufikia miaka ya 1790 watu walinunua hisa kama wendawazimu. Kazi yenyewe ilifanywa na vibarua kwa sururu, koleo na toroli.

Na mbona boti ni nyembamba hivyo? Ni kwa sababu ya loki, vile vyumba vya maji vyenye malango mbele na nyuma. Boti inaingia, lango linafungwa, maji yanaongezwa au kupunguzwa, boti inapanda au inashuka mlima. Loki nyingi za katikati mwa Uingereza zilijengwa kwa upana wa futi 7 hivi ili kuokoa maji na pesa, kwa hivyo boti ikabidi itoshee hapo.

Halafu reli ikaja. Liverpool na Manchester ziliunganishwa mwaka wa 1830, na kadiri reli zilivyoenea, bei ya kusafirisha mzigo kwa maji ikabanwa. Wenye boti wengi wakashindwa kulipia nyumba na pia kuajiri msaidizi. Wakafanya nini? Wakahamisha bibi na watoto ndani ya boti. Familia nzima ikaishi kwenye chumba cha futi 10 kwa 7. Wale mmelelewa kwenye nyumba ya mabati ya kumi kwa kumi, toeni futi tatu, weka jiko la makaa ndani, halafu mhesabu watoto.

Watoto hao walishika usukani, wakafungua malango, wakaongoza farasi. Shule waliipita tu. Ilibidi George Smith wa Coalville apige kelele ndiyo sheria ipitishwe mwaka wa 1877, boti zisajiliwe na idadi ya wanaolala ndani idhibitiwe. Na kwenye handaki la Standedge, lenye zaidi ya kilomita 5, hakukuwa na njia ya farasi. Wanaume walilala chali wakasukuma ukuta kwa miguu, gizani, mpaka upande wa pili.

Tena mzigo haukuwa makaa pekee. Pamba iliyolisha viwanda vya Manchester, nyingi ilivunwa na Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani, na sehemu yake ilipita kwenye maji hayo hayo matulivu.

Wengine mtaniambia starehe ndiyo iliyookoa mifereji. Ni kweli kabisa. Baada ya baridi kali ya 1962 na 1963 kugandisha maji kwa wiki nyingi, biashara ya mizigo ilikaribia kufa. Watu wa kujitolea waliingia kwenye matope wakazibua, na bila watalii mifereji mingi ingefukiwa. Lakini hata yale maua na ngome zilizochorwa kwenye milango ya boti, ambazo leo zinapigwa picha, ni sanaa ya zile familia za chumba kidogo. Urembo tumeuchukua, wenyewe tumewasahau.

Na stori haijaisha. Leo London kuna watu wengi wanaoishi kwenye boti, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Asiye na sehemu yake ya kudumu ya kuegesha haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, kwa hivyo anahama na anahama tena. Kwa nje ni video ileile tamu. Ndani kuna mtu anayetafuta pa kulala, kama ilivyokuwa zamani.

Kwa hivyo ukiiona tena, iangalie, ifurahie. Lakini jiulize nani alilipia huo utulivu, na nani bado analipa.