Historia ya Mto Wandle

Mto Wandle uko kusini mwa London. Chemchemi zake zinabubujika Carshalton na Waddon, chini ya vilima vya North Downs, na maji yake husafiri kilomita 14 hivi hadi kuingia mto Thames huko Wandsworth. Ni maji ya mvua iliyonywea polepole katika mwamba wa chaki, hivyo hutoka ardhini yakiwa maangavu, yenye ubaridi wa nyuzi 10 hivi mwaka mzima. Mito ya namna hii ni kama 200 tu duniani, na mingi imo Uingereza.

Mambo mawili yaliuletea Wandle kazi: mteremko wake na usafi wa maji yake. Kitabu cha Domesday, orodha ya ardhi na mali za Uingereza ya mwaka 1086, kinataja vinu 13 vilivyoendeshwa na mto huu. Vinu vya awali vilisaga nafaka. Vya baadaye vikasaga ugoro, vikafua shaba na kutengeneza karatasi. Wafua nguo na watia rangi nao wakafuata maji safi. Mwaka 1803 ilifunguliwa reli ya magari ya farasi kutoka Wandsworth hadi Croydon, ikabeba bidhaa za bonde hilo. Mwaka 1881 mbunifu wa vitambaa William Morris alihamishia karakana yake Merton Abbey, ambako vitambaa vilivyotiwa rangi vilisuuzwa mtoni.

Kazi hizo ndizo zilizouchosha mto. Kila kinu kilitaka kizuizi cha kuinua maji, na nyuma ya kila kizuizi tope lilijaa. Taka za viwanda na majitaka ya miji iliyokuwa ikipanuka vikamalizia. Kufikia miaka ya 1960 Wandle ulihesabiwa kuwa mfereji wa majitaka, na samaki aina ya trauti walikuwa wametoweka.

Kurudi kwa trauti kulianzia kwenye sakafu ya mto. Jike huchimba shimo katika changarawe kwa mkia, hutaga, kisha hufukia mayai. Maji yasipopenya kati ya mawe, mayai hukosa hewa na kufa. Kwa hiyo wanaojitolea wamezoa takataka na kumwaga changarawe mpya. Vizuizi vingine vimebomolewa, vingine vimewekewa njia za samaki na mikunga. Wanafunzi wamelea vifaranga vya trauti madarasani na kuwaachia mtoni. Septemba 2007 dawa ya kusafishia iliyovuja kutoka mtambo wa majitaka iliua maelfu ya samaki, ikabidi sehemu ya kazi hiyo ianzwe upya.

Leo trauti wanazaliana tena Wandle, na mdiria na kulastara huvua kandoni. Usimamizi hauna likizo: mvua huingiza mafuta na vumbi la barabarani, mimea vamizi huziba mkondo, na mwamba wa chaki unaolisha chemchemi ndio huohuo unaochotwa maji ya kunywa ya wakazi.