Fimbo Ndefu ya Mlinzi

Lakrosi, mchezo wa kuchukua mpira katika wavu wa fimbo, ni urithi wa Wahaudenosaunee na jirani zao wa Amerika ya Kaskazini. Sheria alizoziandika William George Beers, tabibu wa meno wa Montreal, mwaka 1867, zilimwachia kila mchezaji urefu wa fimbo aupendao. Leo, kwa wanaume, fimbo fupi ni inchi 40 hadi 42. Ya mlinzi hufika 72. Urefu huo wakusudiwa kuzuia. Lakini mlinzi akiuteka mpira, wenzo huo huo humpa shuti kali mno. Taabu ni chenga: fimbo ndefu haifichiki vyema nyuma ya mwili, na mpinzani huigonga. Tena avukapo mstari wa kati, mwenzake mmoja hana budi kubaki nyuma, ama ni kosa. Ndiyo maana makocha wengi (wala siwalaumu) humwamuru autoe upesi.