Nani Ameshika Mizani? Historia ya Usuluhishi wa Kimataifa na Mali ya Mataifa Machanga

Kila zama zina silaha zake. Mwezi Desemba 1902 Uingereza, Ujerumani na Italia zilipeleka manowari kuziba bandari za Venezuela, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa imeshindwa kulipa madeni. Shauri lilipofikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya The Hague, iliyoundwa na mkutano wa mwaka 1899, waamuzi walitakiwa kujibu swali moja: je, mataifa yaliyotumia manowari yalipwe kwanza, kabla ya wadai wengine ambao hawakutumia nguvu? Mwezi Februari 1904 mahakama ilijibu: ndiyo, yalipwe kwanza. Hivyo, katika moja ya hukumu zake za mwanzo, chombo kilichoundwa ili kuondoa vita kilimpa tuzo aliyetumia mabavu.

Siku hizi manowari haziji tena kudai fidia ya mgodi au ya kampuni ya maji. Huja barua ya mawakili. Shauri husikilizwa katika chumba cha mikutano mjini Washington, London au Paris, na watu watatu huamua kama hazina ya taifa itoe mamilioni ya dola. Kwa hiyo ni wajibu wa kila kiongozi na kila mwananchi mwenye kufikiri kuielewa silaha hii: ilitoka wapi, inafanyaje kazi, na mnyonge anaweza kuishika vipi.

Usuluhishi ni nini

Neno usuluhishi si geni kwetu. Wazee wa kijiji wakikaa chini ya mwembe kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba, wanasuluhisha. Lakini lengo lao ni kuwafanya majirani waendelee kuishi pamoja. Usuluhishi wa kimataifa tunaouzungumzia hapa ni kitu kingine. Huo ni mahakama ya kukodi. Pande mbili hukubaliana, mara nyingi katika kifungu kimoja cha mwisho wa mkataba, kwamba ugomvi wao hautakwenda katika mahakama za nchi. Kila upande huteua mwamuzi wake, na wa tatu hupatikana kwa makubaliano au huteuliwa na chombo cha nje. Hukumu yao ni ya mwisho. Kwa Mkataba wa New York wa mwaka 1958, hukumu hiyo inaweza kupelekwa katika mahakama ya nchi nyingine yoyote iliyoridhia, na mali ya aliyeshindwa ikakamatwa huko.

Kwa wafanyabiashara wawili wenye nguvu sawa, utaratibu huu una manufaa yake. Taabu huanza pale upande mmoja unapokuwa taifa zima lenye wakulima, wagonjwa na wanafunzi wa kuhudumia, na upande wa pili ni kampuni inayotafuta faida.

Somo la Abu Dhabi, 1951

Mwaka 1939 Sheikh Shakhbut wa Abu Dhabi, nchi iliyokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kuipa kampuni ya kigeni haki ya mafuta kwa miaka 75. Baadaye ukazuka ugomvi: je, haki hiyo ilihusu pia ardhi iliyo chini ya bahari? Shauri lilisikilizwa Paris mwaka 1951, na mwamuzi alikuwa jaji Mwingereza, Lord Asquith.

Swali la kwanza lilikuwa sheria ipi itumike. Mkataba ulifanyika Abu Dhabi na ungetekelezwa Abu Dhabi. Kwa kanuni ya kawaida, sheria ya Abu Dhabi ndiyo iliyostahili. Mwamuzi alilikiri jambo hilo, kisha akaikataa sheria hiyo kwa maelezo kwamba eneo lile lilikuwa nyuma mno kuweza kuwa na kanuni za kufasiri mikataba ya kisasa. Alisema pia kwamba sheria ya Uingereza haihusiki. Hata hivyo aliona baadhi ya kanuni zake zina busara kiasi kwamba zinafaa kwa binadamu wote, akazitumia.

Msomaji asidhani kwamba Sheikh alishindwa kabisa. Kampuni ilipewa ardhi iliyo chini ya maji ya pwani, na Sheikh akabakiwa na sakafu ya bahari iliyo mbele zaidi. Lakini madhara makubwa ya hukumu ile hayakuwa katika maili za bahari. Yalikuwa katika fikra. Kuanzia hapo mawakili wa makampuni walikuwa na hoja tayari: sheria ya nchi changa ni tupu, na utupu huo hujazwa na sheria ya mkubwa. Miaka miwili baadaye, katika shauri la mtawala wa Qatar, mwamuzi mwingine Mwingereza alisema kwamba sheria ya Kiislamu haina kanuni za kutosha kufasiri mkataba wa mafuta. Karne nyingi za elimu ya fikihi juu ya mikataba zilifutwa kwa aya chache.

Waamuzi watatu, majibu matatu

Mataifa machanga hayakukaa kimya. Tarehe 14 Desemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1803, lililotamka kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya utajiri wake wa asili. Tarehe 12 Desemba 1974 likapitisha Hati ya Haki na Wajibu wa Kiuchumi wa Mataifa kwa kura 120 dhidi ya 6, huku nchi 10 zikijizuia. Hati hiyo ilisema kwamba ugomvi juu ya fidia ya mali iliyotaifishwa uamuliwe kwa sheria na mahakama za nchi iliyotaifisha, isipokuwa kama pande zote zimekubaliana vinginevyo.

Libya ikawa uwanja wa majaribio. Mwezi Desemba 1971 ilitaifisha mali ya kampuni ya BP, na mwaka 1973 na 1974 ikafuatia mali ya makampuni ya Kimarekani. Libya ilikataa kuhudhuria mashauri. Mikataba ilikuwa imetabiri jambo hilo: upande mmoja ukigoma, Rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki humteua mwamuzi mmoja peke yake. Basi wakateuliwa watatu, kila mmoja kwa shauri lake.

Gunnar Lagergren wa Sweden, mwaka 1973, aliamua kwamba Libya ilivunja mkataba, na BP ilistahili kulipwa fidia lakini si kurudishiwa visima. René-Jean Dupuy wa Ufaransa, mwezi Januari 1977, aliamua kwamba Libya irudi kuutekeleza mkataba kama ulivyokuwa. Kuhusu Hati ya 1974 alisema haikuwa sheria, kwa kuwa nchi kuu za kibepari hazikuiunga mkono. Sobhi Mahmassani wa Lebanon, mwezi Aprili 1977, aliamua kwamba kutaifisha ni haki ya taifa, na linalodaiwa ni fidia ya haki tu.

Vifungu vya mikataba hiyo vilifanana. Nchi iliyoshtakiwa ilikuwa moja. Majibu yalikuwa matatu. Ni dhahiri basi kwamba sheria hii si mashine inayotoa jibu lile lile kila ukibonyeza. Mtu anayeketi kitini, shule aliyosoma na dunia anayoiona yeye kuwa ya kawaida, vyote vinaingia katika mizani. Tena tuone jambo la pili: kura 120 za mataifa zilipimwa na mtu mmoja, zikaonekana nyepesi kuliko kura za matajiri wachache.

Kituo cha Washington

Wakati mapambano hayo yakiendelea New York, Benki ya Dunia ilikuwa imejenga njia nyingine. Mkataba wa kuunda kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, ICSID, ulifunguliwa kwa sahihi tarehe 18 Machi 1965 na kuanza kutumika mwezi Oktoba 1966. Nchi za Amerika ya Kusini, zilizokuwa zimefundishwa na mwanasheria Carlos Calvo wa Argentina kwamba mgeni asipewe haki kuliko mwenyeji, ziliupinga mpango huo katika mkutano wa Tokyo mwaka 1964. Nchi nyingi za Afrika ziliukubali mapema, kwa matumaini kwamba mitaji ingefuata. Tanzania ilijiunga mwaka 1992, katika zama za kulegeza masharti ya uchumi.

Kwa miaka mingi kituo hicho kilishughulikia ugomvi wa mikataba ya moja kwa moja. Mwaka 1990 mambo yalibadilika. Katika shauri la kampuni iliyopoteza shamba la kamba huko Sri Lanka, waamuzi walikubali kwamba kampuni inaweza kuishtaki serikali kwa kutumia mkataba wa kulinda vitega uchumi uliotiwa sahihi kati ya serikali mbili, hata kama serikali haikuwahi kuahidi usuluhishi kwa kampuni yenyewe. Fidia ilikuwa ndogo, dola 460,000. Mlango uliofunguliwa ulikuwa mpana. Sahihi zilizowekwa katika dhifa za ziara za viongozi ziligeuka kuwa hati za mashtaka.

Yaliyotufika sisi

Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wanahisa wa Uingereza na Ujerumani, katika mradi wa takriban dola milioni 140 uliotegemea fedha za Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine. Kampuni haikutimiza iliyoyaahidi. Mwezi Mei 2005 Serikali ilitangaza kuvunja mkataba, na tarehe 1 Juni mameneja wa kigeni walikamatwa na kuondolewa nchini. Wanahisa walikwenda ICSID kwa kutumia mkataba wa Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994.

Hukumu ya Julai 2008 yafaa isomwe na kila mtumishi wa umma. Waamuzi walisema Tanzania ilikosea kwa namna ilivyoiondoa kampuni. Lakini walisema pia kwamba kampuni haikuwa tena na thamani yoyote wakati huo, kwa hiyo fidia ilikuwa sifuri. Aidha, vyama vya kiraia, vikiwamo vya hapa nchini, viliruhusiwa kuwasilisha hoja za maandishi juu ya haki ya wananchi kupata maji. Tulipona, lakini si kwa jinsi tulivyotenda siku ile ya Juni. Tulipona kwa sababu kumbukumbu za kushindwa kwa kampuni zilikuwapo.

Miaka kumi baadaye hatukupona. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya kudumu juu ya maliasili, iliyokataza mashauri ya maliasili kupelekwa kwenye vyombo vya nje. Msingi wake ni ule ule wa Azimio la 1962, nao ni msingi wa haki. Mwaka huo huo sheria ya madini ilifuta leseni za kuhodhi maeneo. Lakini mikataba na Uingereza na Kanada ilikuwa bado hai, na sheria ya ndani haiwezi kuufuta mkataba kati ya mataifa. Makampuni matatu yalishtaki. Winshear ilimaliza kwa dola milioni 30 mwaka 2023. Indiana, iliyokuwa imeshinda zaidi ya dola milioni 109, ilikubali milioni 90 mwaka 2024. Montero ilikubali milioni 27 mwaka huo huo. Jumla ni dola milioni 147. Fedha hizo zimetoka katika jasho la wananchi, nazo zimelipwa kwa maeneo ambayo makampuni hayo yalikuwa hayajaanza kuchimba.

Adui wa nje na adui wa ndani

Ni rahisi kumaliza hapa kwa kusema kwamba kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Kuna ukweli katika methali hiyo. Taaluma hii imekuwa ya watu wachache, wengi wao wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mtu yule yule anaweza kuwa mwamuzi katika shauri moja na wakili katika jingine, na hoja anayoijenga leo akaitumia kesho. Ndiyo maana mwaka 2023 tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ilipitisha kanuni za maadili kuweka mipaka katika jambo hilo. Tena kuna matajiri wanaogharimia mashauri ya watu wengine ili wagawane fidia, kama vile mtu anunuavyo tikiti ya bahati nasibu.

Lakini ubeberu hauingii nyumba iliyofungwa vizuri. Tazama Nigeria. Kampuni ya P&ID, iliyopata mkataba wa gesi mwaka 2010 na isijenge kiwanda chochote, ilipewa na waamuzi mwaka 2017 fidia ya dola bilioni 6.6, ambayo pamoja na riba ilipita bilioni 11. Mwezi Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba hukumu hiyo ilipatikana kwa udanganyifu: hongo ilitolewa kwa mtumishi wa serikali, na nyaraka za siri za mawakili wa Nigeria zilikuwa mikononi mwa kampuni. Bila Mnigeria wa kupokea hongo, kampuni isingeweza kufika pale.

Wajibu wetu

Kwanza, kila mkataba usomwe na kueleweka kabla ya sahihi, hasa kifungu cha mwisho. Mkataba wa kulinda vitega uchumi hata ukivunjwa huacha kivuli, kwa kuwa kwa kawaida mali iliyokwisha ingia huendelea kulindwa kwa miaka mingi. Wakati wa kubishana ni kabla ya wino kukauka.

Pili, hatua ya haki itekelezwe kwa njia ya haki. Kampuni mbovu hufukuzwa kwa kumbukumbu, kwa notisi na kwa sheria. Mabango na polisi humpa mshitaki ushahidi wa bure.

Tatu, tusomeshe vijana wetu taaluma hii, si ili wawe makarani wa makampuni ya kigeni ya mawakili, bali waketi katika viti vyote vitatu. Cairo ilianzisha kituo chake mwaka 1979, Kigali mwaka 2012. Sisi tuliibadili sheria yetu ya usuluhishi ya mwaka 1931, iliyotungwa na mkoloni, kwa sheria mpya ya mwaka 2020. Sheria ni nyumba. Sasa inahitaji wakazi.

Nne, mtumishi anayeuza siri ya shauri la taifa atazamwe kama anavyotazamwa askari anayeuza risasi.

Lord Asquith alisema kwamba kule hakukuwa na sheria. Jibu la kauli ile si hasira. Jibu ni kuwa na sheria iliyo wazi, kuifuata sisi wenyewe, na kuwa na watu wanaoweza kuisimamia mbele ya mwamuzi yeyote, katika mji wowote.