Gorila wa milima: namna inchi tatu zinawahesabu pamoja

Gorila wa Virunga hajui mupaka. Anaweza kulala upande wa Rutshuru, na asubuhi akaenda kula mianzi upande wa Rwanda. Pori ni moja, lakini limegawanywa katika mbuga tatu: Virunga (Congo), Volcanoes (Rwanda) na Mgahinga (Uganda). Kama kila inchi inahesabu peke yake, familia moja inaweza kuhesabiwa mara mbili, ao isihesabiwe hata kidogo. Njo maana ICCN ya Congo, RDB ya Rwanda na UWA ya Uganda wanafanya ile kazi pamoja.

Wanahesabu namna gani?

Kila jioni gorila anatengeneza kitanda kipya cha majani. Vikundi vya watu wa inchi zote tatu vinapita pori lote kwa miguu, vinafuata nyayo mpaka kwenye vitanda, na kuokota mavi yenye kubakia pale. Kwa hesabu ya 2015-2016, mavi ilipimwa katika laboratware ya Leipzig, Ujerumani. ADN ndani yake inaonyesha kila gorila ni nani, hata kama alionekana pande mbili za mupaka. Kiisha vikundi vilirudi porini mara ya pili, juu kuna wenye walipitwa mara ya kwanza. Katika ile safari waliondoa pia mitego zaidi ya 380.

Hesabu inasema nini?

Katika milima ya Virunga:
- 1981: gorila 254
- 2003: gorila 380
- 2010: gorila 480
- 2015-2016: gorila 604

Ukiongeza 459 waliohesabiwa katika 2018 kule Bwindi (Uganda) na Sarambwe (Congo), jumla ni 1063. Katika mwezi wa Novemba 2018, UICN iliwatoa kwenye daraja la wanyama walio karibu sana kuisha, ikawaweka kwenye lile la wanyama walio hatarini.

Juu ya nini inatuhusu?

Ile hesabu inaomba walinzi na wafuatiliaji wa nyayo wafike kila kona. Tangu 2022 vita imerudi Rutshuru. Kama upande mumoja haufikiwe, hesabu ya inchi zote tatu inabakia na tundu, na hakuna mwenye atajua ni familia gani imepotea.