Kuunganisha kompyuta nyepesi na seva kwa Wi-Fi

Kompyuta nyepesi ni mashine inayoitegemea kompyuta kubwa, yaani seva. Yenyewe huonesha picha kwenye skrini na kupokea kibodi na mausi. Programu na mafaili yote yako kwenye seva. Ndiyo maana kompyuta kuukuu huweza kutumika tena darasani. Mradi wa LTSP, unaotumia Linux na unaopatikana bure, ulianza mwaka 1999 kwa ajili ya kazi hii.

Je, zinaweza kuunganishwa bila waya? Inawezekana, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani.

Tatizo liko wakati wa kuwaka

Mashine isiyo na diski huiomba seva mfumo wa kuiendesha kwa njia iitwayo PXE, na PXE hupita kwenye waya. Kadi ya Wi-Fi haiwezi kujiunga na mtandao bila draiva na nenosiri, navyo vimo ndani ya mfumo ambao bado haujafika. Ni mfano wa aliyefungiwa nje na ufunguo umebaki ndani.

Njia tatu za kutatua

1. Kila mashine iwake kwa flashi au diski yake yenye Linux ndogo, ijiunge na Wi-Fi, kisha ifungue dirisha la seva kwa RDP.

2. Kifaa cha Wi-Fi kifanywe daraja: kinapokea mawimbi, kisha kinaipa mashine mtandao kwa waya mfupi. Mashine huona waya tu, na PXE hufanya kazi, ingawa huwaka polepole.

3. Mashine zote za darasa ziunganishwe kwa waya na swichi pamoja na seva, na Wi-Fi ibakie kwa intaneti. Hii ndiyo imara zaidi.

Kabla ya kununua

Wi-Fi hugawanywa kwa wote waliomo. Kuandika na kusoma hakuna shida. Video kwa wanafunzi kumi kwa pamoja huukwamisha mtandao. Kuta nene za mawe hudhoofisha mawimbi, hasa ya 5 GHz. Tumieni ulinzi wa WPA2 au WPA3, na kila mwanafunzi awe na nenosiri lake.

Seva ikizimika, darasa zima limesimama. Iwekeeni UPS, na nakala za mafaili ziwe mahali pengine.

Fedha za michango ni amana. Jaribuni mashine moja kwanza, katika chumba kile kile, ndipo mnunue nyingine.