Kirangozi na Msitu: Waongozaji wa Safari katika Njia ya Tabora

Reli itokayo Tabora kwenda Kigoma hupita Usoke kabla ya kufika Urambo, na pande zote mbili msafiri huona miti. Miti hiyo ni miyombo, mininga na jamii zake, iliyosimama mbalimbali kiasi cha mtu kuweza kupita katikati yake bila kukata tawi. Mwezi wa Mei mvua hukoma, na kwa miezi mitano au sita haipati kunyesha. Majani hukauka, moto hupita chini, kisha, kabla mvua haijarudi, miti huchipua majani mekundu kama shaba. Wataalamu wa mimea wa dunia nzima huita msitu wa namna hii kwa jina la Kibantu, miombo, nao hawakuona haja ya kutafuta jingine.

Msitu huu si ule wa mvua uliositiri anga kule Manyema na Ituri. Lakini ndio uliowalea watu waliowatangulia wasafiri mpaka mlangoni mwa msitu ule wa pili. Makala haya yataka kueleza habari za mtu huyo aliyetangulia, yaani kirangozi, kwa sababu vitabu vya karne ya kumi na tisa vimehifadhi sana majina ya waliofuata nyuma yake, na jina lake yeye mara nyingi vimelitaja kwa kupita tu.

Njia ya zamani itokayo Tabora kwenda Ujiji haikuwa barabara moja. Ilikuwa na matawi mengi, na mengine yalipita katika nchi hii ya baina ya Unyanyembe na Urambo. Tawi lililofaa mwaka huu laweza kuwa limefungwa mwakani kwa vita, kwa hongo nzito, au kwa kukauka kisima. Kwa hiyo safari kubwa haikuondoka bila kirangozi, naye kwa desturi alikuwa Mnyamwezi, amepata kuipita njia hiyo kabla, na hupewa sehemu ya ujira wake mapema. Burton, aliyefika Tabora pamoja na Speke tarehe 7 Novemba 1857, alimweleza vizuri kuliko wengi: hutangulia mbele ya wote akifuatana na bendera na ngoma, amevaa kipande cha joho jekundu kilichotobolewa katikati kupitisha shingo, kichwani ana ngozi ya mbega au ya paka wa mwitu, na juu yake manyoya ya bundi au ya korongo. Mpagazi akithubutu kumpita, kirangozi humtoza faini, na ili asije akakana jambo hilo kambini humnyang'anya mshale mmoja katika podo lake uwe ushahidi.

Msomaji asiichukulie sheria hiyo kuwa ni majivuno matupu. Safari ya watu mia tano ilikuwa na urefu wa mwendo wa saa moja au zaidi, tena katika miyombo mtu wa nyuma hamwoni wa mbele. Njia za wanyama na za warina asali hukatiza njia kuu kila mahali, na zote hufanana. Kirangozi alipofika penye njia panda alitupa tawi bichi kuvuka njia isiyofaa, au aliburuta mguu mavumbini akaacha mstari. Na wa nyuma walisoma alama hiyo kama sisi tusomavyo kibao. Mtu aliyetangulia mbele yake aliiharibu alama kabla haijawekwa.

Ama elimu yake hasa ilikuwa ni ya maji. Wakati wa kiangazi mito ya nchi hii hukatika ikawa mabwawa, na tambarare za udongo mweusi, ambazo Wanyamwezi huziita mbuga, huwa ngumu na zenye nyufa. Masika hugeuka kinamasi cha kufika magotini. Ni juu ya kirangozi kujua ni bwawa lipi lisilokauka hata Oktoba, na ni lipi linywewalo na tembo mpaka likabaki tope. Akiona kituo cha maji ki mbali aliamuru tirikeza, yaani ule mwendo wa alasiri: watu hupika na kunywa mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likipunguka makali, wakalala pasipo maji, na asubuhi wakayafikia. Akikosea hesabu hiyo, mizigo na watu hubaki porini.

Tena alijua vya kula. Alijua matunda ya msitu na majira yake, uyoga uchipuao mvua ya kwanza ikinyesha, na mizinga ya magome itundikwayo na warina asali. Alimjua mlembe, yule ndege mdogo amwitaye mtu kwa kelele na kumpeleka mti kwa mti hata kwenye nyuki, ili apate masega baada ya mtu kuchukua asali. Alijua vilevile mahali pa mbung'o, maana punda na ng'ombe wa safari waliopitishwa hapo hawakuishi. Mambo haya leo hufundishwa katika vyuo vya wanyamapori kwa miaka miwili au mitatu. Yeye aliyapata kwa kumfuata baba au mjomba, akiwa kijana mwenye mzigo mdogo.

Yafaa hapa kuondoa kosa moja lililoenea. Watu wengi wakitajiwa waongozaji wa wazungu humkumbuka Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi akasafiri na Burton na Speke, tena na Speke na Grant, tena na Stanley, na mwisho na Cameron, waliyevuka naye bara mpaka Atlantiki mwaka 1875. Sifa zake ni za haki. Lakini Bombay alikuwa mkuu wa askari, mkalimani na msimamizi wa watu. Alipoingia katika msitu asioujua alimtazama kirangozi, kama walivyomtazama wengine wote.

Jambo la mwaka 1871 laonyesha vema uzito wa cheo hiki. Mirambo alikuwa amefunga njia ya magharibi, na Waarabu wa Unyanyembe, pamoja na Stanley aliyewasaidia, walikuwa wameshindwa mwezi wa Agosti. Basi Stanley aliondoka Kwihara tarehe 20 Septemba akazunguka kwa kusini, na waongozaji wake walikuwa Asmani na Mabruki. Mwanzo wa Oktoba walifika mto Gombe, unaopeleka maji yake Ugalla. (Gombe hii isichanganywe na ile ya sokwe iliyo karibu na Kigoma.) Mahali pale palikuwa na mabwawa, vivuli na wanyama wengi mno, na Stanley alipasifu kana kwamba ni bustani ya bwana mkubwa wa kwao. Aliwinda siku kadhaa, na watu wakala nyama wakashiba.

Alipotoa amri ya kuondoka watu walinung'unika, wakaomba siku nyingine. Mbele kidogo wakatua mizigo, na Asmani, mtu wa kimo kikubwa, akainua bunduki. Stanley naye alielekeza yake. Mmoja wa watu waliokuwapo aliingia kati akawaamua, na Asmani akasamehewa. Kitabu cha Stanley hulieleza jambo hili kama maasi yaliyozimwa na ushujaa wa mwandishi. Mimi naliona kwa namna nyingine. Mbele yao palikuwa na nyika yenye maji haba na chakula kidogo, mwezi wa Oktoba, mwezi mbaya kuliko yote. Watu waliozoea nchi hiyo walijua thamani ya siku moja zaidi ya kukausha nyama kando ya maji. Hatuwezi kusema yaliyokuwa moyoni mwa Asmani, maana hakuandika kitabu. Lakini Stanley mwenyewe, baada ya kutishiwa roho, hakumfukuza. Aliendelea kufuata nyuma yake, na tarehe 10 Novemba, kwa hesabu yake, waliingia Ujiji.

Elimu ya kirangozi ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa mwisho wa miyombo. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1876 ng'ambo ya Tanganyika. Tarehe 5 Novemba Stanley aliondoka Nyangwe akiwa na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na maskani Ituru karibu na Tabora, na kesho yake wakaingia katika msitu wa Uregga. Watu waliokuwa wamevuka Ugogo na Unyamwezi mara nyingi bila woga walijikuta katika giza la mchana: umande ukidondoka kama mvua, matope, magogo, na mashua iliyokatwa vipande ambayo wachukuzi wake hawakuweza kuipitisha bila kufyekewa njia kwa mashoka. Haukupita muda mrefu Tippu Tip alitaka kurudi, ikabidi mapatano yafanywe upya. Tippu Tip ameandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili, katika kitabu kilichotolewa na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, na reale alizoziandika kuwa ameahidiwa hazilingani na zile za Stanley. Lakini katika ubaya wa msitu ule wawili hao hawapingani.

Mwaka 1887 Stanley alirudia jambo hilo vibaya zaidi. Aliondoka Yambuya tarehe 28 Juni na watu wapatao 389, akapita Ituri hata Desemba ndipo akaona tena nyasi na anga. Waliotoka pamoja naye katika msitu hawakufika nusu ya walioingia. Wengine walikufa kwa njaa, na wengine kwa majeraha na maradhi. Wengine aliwaacha nyuma vituoni. Ndani ya msitu uo huo Wambuti walikuwa wakiishi na watoto wao, wakila na kucheza. Safari ilipowakamata baadhi yao ili waonyeshe njia, walionyesha kwa kulazimishwa, na kiongozi wa namna hiyo huongoza kadiri anavyolazimishwa.

Hata hivyo watu wa Tabora hawakurudi kutoka Manyema mikono mitupu. Livingstone, alipokuwa Bambarre mwaka 1870, aliandika habari za nyani mkubwa aitwaye na watu soko, naye alimdhania kuwa ni sokwe mkubwa wa Afrika Magharibi. Mnyama huyo hayupo pwani yetu wala hajapata kuwapo huko katika kumbukumbu za watu. Wala Mswahili wa Lamu au wa Mvita hakuwa na sababu ya kumpa jina. Basi jina sokwe yaelekea lilikuja kwa mgongo wa wapagazi, pamoja na pembe. Ndivyo ninavyodhani pia juu ya kirangozi mwenyewe. Lugha kadhaa za bara zina neno longola, maana yake kutangulia. Kiswahili huiacha l iliyo kati ya irabu, kama tuonavyo Mnyamwezi asemapo kulila na sisi kulia. Kirangozi ni umbo lililobaki na sauti ya bara. Kiongozi ni ndugu yake wa pwani. Leo twamwita kiongozi rais na mwenyekiti, na aghalabu hatukumbuki kwamba neno hilo lilikuwa na ndugu aliyevaa ngozi ya mbega.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya kirangozi ikaisha katika kizazi kimoja. Yaliyofuata yaliufuta hata ule mchoro wa njia. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tabora, ikawakusanya katika makao makubwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na vijiji vya porini vikarudi kuwa miti. Urambo ikapata mashamba ya karanga baada ya vita, yakashindwa, kisha tumbaku. Na tumbaku hukaushwa kwa kuni, na kuni ni miyombo.

Waongozaji wenyewe wamerudi kwa sura nyingine. Jane Goodall alipofika Gombe mwezi wa Julai 1960 alitembezwa milimani na askari wa wanyama na watu wa vijiji vya hapo; Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale mwaka 1985. Huko, mwisho wa njia yetu ya zamani, mna vipande vya msitu wa majani mabichi, na mgeni hutembea nyuma ya kijana wa pwani ya ziwa asomaye matunda yaliyotafunwa, kinyesi na sauti za mbali, akaambiwa sokwe wamelala wapi. Sheria ya kutompita imerudi pia, ingawa siku hizi hapana atakayenyang'anywa mshale.

Upande wa Usoke mambo hayakwenda hivyo. Pori la Akiba la Ugalla, lililowekwa mwaka 1965, liligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Zamani warina asali na wavuvi walipewa ruhusa ya kuingia humo kwa msimu, nao ndio waliojua kila bwawa lisilokauka na kila njia ya nyuki. Hifadhi ya taifa hairuhusu kurina asali ndani yake. Watalii wafikao huko ni wachache. Siku watakapokuwa wengi watahitaji mtu wa kuwatangulia, na wale waliokuwa na elimu hiyo hivi sasa hutundika mizinga yao nje ya mpaka.